Mafuta Juu ya Masizi

Wapendwa, leo sikuwaletea mkulima wala mchungaji wa mbuzi. Nimewaletea askari. Kulikuwa na koplo mmoja, mwanamama, mlenga shabaha hodari, aliyenunua bastola ya mashindano iliyokwisha kutumika. Aliyemuuzia ni sajini mstaafu, na vibali vyote vilifuatwa, kwa hiyo mzee wa kanisa pale nyuma usinikazie macho.

Ilikuwa bastola ya risasi ndogo, zile zilizopakwa nta, za kutobolea karatasi uwanjani. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wiki ya tatu ikaanza kukwama. Risasi inapanda kutoka kwenye magazini, inafika mlangoni mwa mtutu, inaingia nusu, basi. Na Jumamosi ndiyo mchujo wa mwisho wa timu ya mkoa, nafasi imebaki moja, na unapiga risasi tano kwa sekunde kumi. Ikikwama moja, umekwisha.

Akafanya nini? Alifanya alichofundishwa depo: chuma kikigoma, kipe mafuta. Asubuhi mafuta, jioni mafuta. Bastola iling'aa kama kikaango cha chapati, na bado iligoma. Akabadilisha magazini, akabadilisha springi, akabadilisha aina ya risasi, vyote kwa siku moja, kwa hiyo hata kama kimoja kingesaidia asingejua ni kipi. Mwishowe, pale kantini, mbele ya walengaji wenzake, akasema, "Yule mzee kanitapeli."

Jumanne akaitia bastola kwenye mkoba, akamfuata mzee nyumbani. Mzee alikuwa uani, anachambua mchicha. Koplo hakusema hata shikamoo. Mnanisikia? Mtu wa umri wa baba yake!

"Afande, umeniuzia mzigo mbovu."

"Karibu kiti," mzee akasema. "Ina risasi?"

"Haina."

Hata hivyo mzee akaipokea bastola, akachomoa magazini, akachungulia ndani mwenyewe, ndipo akaifungua. Akachukua kijiti cha kiberiti, akakipitisha pale mlangoni risasi inapoingilia. Kikatoka na tope jeusi.

"Unaisafisha?"

"Kila siku! Asubuhi na jioni naipa mafuta."

"Sijauliza mafuta, mwanangu. Nimeuliza, unaifuta?"

Koplo akakitazama kile kijiti. Jamani, masizi ya baruti, juu yake nta, juu yake mafuta, kisha masizi tena! Risasi ingepita wapi? Mzee akasugua kwa burashi, akafuta kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kikatoka safi, akarudisha tone moja la mafuta. Moja tu.

"Haikuwa na njaa," akasema. "Ilikuwa imevimbiwa." Akarudi kwenye mchicha wake.

Jumamosi risasi zote zilipita, moja baada ya nyingine, bila kusita. Koplo akapata nafasi yake, na furaha aliyokuwa nayo ilimjaa mpaka miguuni. Pale kantini wenzake wakamzunguka, na mmoja akasema, "Pamoja na kutapeliwa na yule mzee! Umeitengenezaje?"

Hapo, ndugu zangu, ndipo kitu kilipokwama. Si kwenye bastola. Neno lilipanda, likafika kooni, likaingia nusu. Angeweza kucheka tu na kunywa soda yake, nani angejua? Lakini alikumbuka kile kijiti cheusi. Akaweka chupa chini.

"Hakunitapeli. Bastola ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeichafua, na jina lake nikalichafua hapa hapa, mbele yenu."

Kisha akatoka na sare yake yote mpaka uani kwa mzee.

"Shikamoo, afande. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu," mzee akasema, na uso ukamfunguka. "Hiyo shikamoo naisubiri tangu Jumanne. Ya kantini, uliponiita tapeli, nilishayasikia siku ile ile. Kaa ule."

Sasa tuje kwetu sisi. Sisi ni mabingwa wa kuongeza. Mkesha juu ya mkesha, kwaya ya pili, kwaya ya tatu, mafuta ya upako mpaka kola za mashati zimeharibika. Na kila mmoja wetu ana kantini yake, mahali alipomsema mtu ambaye hakuwapo kujitetea. Je, tumerudi pale kufuta? Au tumeongeza wimbo mwingine juu yake, halafu tunauliza kwa nini maombi yetu yanafika mlangoni na kukwama?

Najua wengine mmekuja leo kupakwa mafuta. Chupa nimeiacha nyumbani, makusudi kabisa. Tutafunga ibada nusu saa kabla ya wakati wake, na ninyi mnajua nusu saa hiyo mnaipeleka kwa nani. Mkifika, anzeni na shikamoo.