Kwa Nini Pembe Moja ya Ndovu Ni Fupi

Hebu acheni kubishana, nyote wawili. Pembe ya yule ndovu haikuvunjika vitani. Ndovu yeyote mkubwa wa mlima huu, ukimtazama vizuri, utaona pembe moja ni fupi kuliko nyingine. Kaeni niwaeleze, na wewe Ndiwa usinikatize.

Mlima ulipokuwa bado mpya, pembe za ndovu zilikuwa sawa, ndefu, nyeupe, na wenyewe walizionea fahari kupita kiasi. Mnyama anayekula majani matupu lazima apate chumvi, la sivyo anaishiwa nguvu. Lakini ndovu achimbe? Thubutu! Waliogopa kuzikwaruza pembe zao. Chumvi waliletewa na Nungunungu, nao wakamwangushia miti atafune maganda. Kila alipofika alihema na kulalamika kwamba ametembea siku nne. Ndovu wakampa pole, wakala, basi.

Kiangazi kimoja Nungunungu hakuja. Tapsubei, ndovu jike aliyeongoza kundi, alikuwa amezaa majuzi tu, na maziwa yakaanza kumkauka. Mtoto alinyonya akaambulia patupu, akalia mpaka sauti ikampwea. Tapsubei akamtafuta Nungunungu hadi akampata kichakani.

"Ndugu yangu, nina mtoto mchanga. Nipe japo kidogo."

"Pole, mama," akasema Nungunungu. "Mwaka huu chumvi yote ni ya Nyati. Yeye ananilinda na chui."

"Na miti yote tuliyokuangushia?"

"Niliila, mama. Nilishukuru."

Akaondoka zake. Tapsubei akamfuata kwa mbali, akijua ana siku nne za kutembea. Wapi! Nungunungu alipita nyuma ya maporomoko ya maji, chini kabisa ya uwanda ambapo ndovu hulala, akaingia pangoni. Tapsubei akaingiza kichwa, akapapasa ukuta kwa mkonga, akaonja. Lo! Ukuta wote chumvi, dari chumvi, chini chumvi. Miaka yote hiyo walikuwa wamelala juu yake, wakimpa pole anayewaletea mali yao wenyewe.

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza," akajibu Nungunungu, akaendelea kuguguna.

Tapsubei akaipiga pembe ya kulia ukutani, vipande vikaruka, akala kwa pupa, akakimbia kupanda. Alimkuta mtoto amelala ubavu, nzi wamejaa machoni. Akamsukuma kwa mguu, taratibu, mara tatu. Hakuamka. Hata leo nikifika hapa moyo hunilipuka, jamani, maana zilikuwa hatua chache tu!

Hakulia siku hiyo. Aliwakusanya watoto wote wa kundi, akawashusha pangoni, akawachimbia kwa pembe ile ile mpaka ikabaki kigutu. Wenzake wakamwuliza mbona ya kushoto haigusi.

"Nilimtegemea mmoja, akanigeuka," akasema. "Hii ni akiba."

Na tangu siku hiyo ndovu huchakaza pembe moja na kuitunza ya pili, na mama humwingiza mtoto wake pangoni, gizani, kabla hajamwachisha ziwa. Nyati huingia, Nungunungu huingia, hawafukuzwi. Ila jaribu kumwekea ndovu jike donge la chumvi njiani, jeupe, safi kabisa. Atalinusa, atalivuka, na kwenda kuchimba la kwake.