Meza Isiyo na Mshindi

Wapendwa, kaeni vizuri. Mwenye mtoto anayelia asitoke nje, mfano wa leo si mrefu.

Kulikuwa na fundi mmoja wa mafriji. Friji iliyowashinda mafundi watatu, yeye aliitegea sikio tu ubavuni akasema, "Mota nzima, gesi ndiyo imekwisha," na kweli ikawa gesi. Akili hiyohiyo alikuwa nayo kwenye karata. Kila Jumamosi mchana alimuaga mkewe kwamba anakwenda kuhudumia vyumba vya baridi vya mashamba ya maua, halafu akanyoosha mjini, kwenye kasino.

Msidhani alikuwa mhuni. Zaka alitoa, pombe hakunywa. Alijiambia kwamba kamari ni ile ya mashine zenye taa, ya watu wasiofikiri. Yeye anacheza poka, na poka ni kichwa.

Meza yao ilikuwa ya watu wa kipato kidogo, tisa, walewale kila Jumamosi, kila mmoja na elfu hamsini zake. Walicheza tangu saa saba mchana hadi saa moja jioni. Wenye jumba hawakucheza nao. Waliwapa meza, viti, soda ya bure na binti wa kugawa karata. Lakini kila mzunguko ulipokwisha, kabla mshindi hajazoa pesa za katikati, yule binti alichukua elfu moja akaidumbukiza kwenye tundu lililokuwa mezani. Hiyo ndiyo ada ya jumba. Elfu moja tu. Nani aigombee, wakati ameshinda elfu kumi na nne?

Pale mezani alikuwapo mstaafu mmoja wa idara ya maji, mzee Kundaeli. Alicheza vibaya. Fundi alimla karibu kila wiki, na mzee alicheka tu. "Fundi, wewe una kipaji. Sisi wengine tunakuja kukusindikiza." Fundi aliyapenda sana maneno hayo. Aliyabeba hadi nyumbani, hata zile siku ambazo mfukoni hakubeba kitu.

Basi, mwezi wa sita mzee Kundaeli akaanguka bafuni kwa shinikizo la damu. Hakuamka.

Fundi akaenda msibani na mkewe, maana alimwambia marehemu alikuwa mteja wake. Siku ya pili baada ya maziko, mchezaji mwenzao aliyekuwa karani wa posta akamvuta pembeni, nyuma ya turubai.

"Fundi, niambie ukweli. Wewe umetula kiasi gani mwaka huu?"

"Mimi?" Fundi akacheka. "Mimi nilidhani ni wewe."

Karani hakucheka. "Nimewauliza wote. Hakuna aliyepata. Sisi tisa tunaingia na laki nne na nusu. Kila saa ni mizunguko kama ishirini na tano, elfu moja kila mzunguko. Zidisha kwa saa sita."

Fundi akazidisha kichwani. Laki moja na nusu. Kila Jumamosi, theluthi ya pesa yote ya meza iliingia kwenye lile tundu, nao wakanyang'anyana kilichobaki.

"Kwenye meza ya matajiri ada ile haionekani," karani akasema. "Kwetu sisi tunaoshindania elfu kumi na nne, hata anayecheza vizuri inammaliza. Anachelewa kumalizika tu."

Ndugu zangu, fundi alijua ni kweli. Siku alizoshinda alikuwa anazikumbuka zote. Zile nyingine hakuwahi kuzijumlisha.

Aliporudi chini ya turubai, mjane akamwita. Mkewe alikuwa ameketi hapohapo, na majirani wamejaa.

"Baba," mjane akasema kwa upole, "marehemu alikusifu sana. Alisema pale kwenye karata wewe ndiye unayewashinda wote. Sikulaumu, alikwenda kwa miguu yake. Lakini binti yetu amebakiza muhula mmoja chuo cha uuguzi, nami sina. Kama katika kile ulichopata kwake kuna chochote unachoweza kumrudishia mtoto, nakuomba."

Mngekuwa ninyi mngejibu nini? Jibu la kweli lilikuwa fupi: "Mama, sina. Na mimi nimeliwa." Lakini macho yote yalikuwa kwake, na kwa mara ya kwanza mkewe alikuwa anamsikia akiitwa mshindi. Fundi akajikohoza, akasema:

"Mama, pole sana. Lakini mchezo ni mchezo."

Mjane akainamisha kichwa, akasema, "Haya, baba. Asante kwa kuja."

Walipofika nyumbani mkewe akauliza, "Baba Ndeshi, kumbe zile Jumamosi ulikuwa unacheza karata?"

"Ndiyo."

"Na unapata?"

Hapo alipewa nafasi ya pili. Akasema, "Napata. Nimeziweka mahali."

Jumapili iliyofuata, wakati wa shuhuda, mjane akasimama kanisani. Akasema alikuwa amemhukumu mtu moyoni na amekuja kutubu. Akasema yule fundi alimjibu vibaya msibani, kumbe alikuwa hataki kujionyesha mbele za watu. Alhamisi alimtuma mkewe na ada yote ya muhula, na binti amekwisha kulipiwa. "Baba, simama wakuone."

Kanisa likapiga makofi. Fundi akageuka kumtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama mbele. Fundi akasimama, akapigiwa vigelegele.

Baada ya ibada alikwenda moja kwa moja sokoni, kwenye kibanda ambako mkewe aliuza samaki wa barafu. Friza yake haikuwapo. Palikuwa na alama ya mraba tu sakafuni, na waya wa umeme umekunjwa vizuri.

Mkewe alimkuta amesimama pale. "Nilidhani ni uchoyo," akasema. "Nikasema acha nikulipie uchoyo wako. Moyo wako ukilainika, utaninunulia nyingine."

"Sina," fundi akasema.

"Huna nini?"

"Sina kitu, mama Ndeshi. Hakuna mahali nilipoziweka. Nimeliwa kama wenzangu."

Mwanamke akaketi juu ya kreti. "Kwa hiyo," akasema, "uliona afadhali yule mama akuone huna huruma, kuliko akuone umeshindwa?"

Jioni ile walikwenda wote wawili kwa mjane. Fundi alizungumza huku akitazama miguu yake. Alisema friza ilikuwa ya mkewe, na makofi yale hayakuwa yake. Alisema pia kwamba marehemu hakuwa mjinga pale mezani, bali wote tisa walikuwa wanaliwa na jumba, yeye mwenye kipaji akiwemo. Alitarajia kufukuzwa. Mjane alijifunika uso kwa khanga, akalia kuliko alivyolia siku ya maziko.

"Wote?" akauliza. "Hata wewe? Mume wangu alikuwa hapati usingizi. Alikuwa akiniambia, 'Wenzangu wote wanaweza, ni mimi tu nisiyeweza.' Amekufa akiamini hivyo."

Wapendwa, ada ya lile jumba ilikuwa elfu moja, na tundu lilikuwa wazi mezani, kila mtu aliliona. Kilichowakalisha pale si tundu. Kila mmoja alimwonea haya jirani yake. Angekuwapo mmoja tu wa kusema, "Jamani, mimi napoteza," wa pili angesema, "Na mimi," na kufika saa kumi meza ingekuwa tupu.

Sasa sisi tuko wangapi humu ndani? Tunasalimiana pale mlangoni, "Hujambo? Nyumbani wazima?" na sote tunajibu wazima. Ndoa nzima, watoto wazima, imani nzima. Na kila mmoja anarudi kwake akidhani ni yeye peke yake anayeshindwa. Wangapi wanakosa usingizi kwa sababu ya uongo wetu mdogo wa pale mlangoni?

Leo hatutafunga kwa wimbo. Nataka umgeukie aliye kando yako, umwambie kitu kimoja cha kweli. Najua ni vigumu, kwa hiyo nitaanza mimi.

Mimi mchungaji wenu nina mdogo wangu, tumezaliwa tumbo moja. Huu ni mwaka wa tatu sijazungumza naye. Nami kila Jumapili nasimama hapa kuwafundisha kusamehe.

Haya. Geukeni.