Kanzu ya Ijumaa na Mashine ya Kilo Saba

Nina kisa kinanisumbua, na leo nataka kiwasumbue na nyinyi, maana sioni sababu ya kuteseka peke yangu. Vuteni viti. Asiye na kiti aegemee ukuta, ila asisinzie, kwa kuwa mwishoni nitauliza swali na sitaki jibu la mtu aliyeamka sasa hivi.

Walikuwapo ndugu watatu, watoto wa Bi Mwanakombo wa Ngamiani, Tanga, barabara ya kumi na nne. Kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Mkubwa, Sauda, alijaliwa jicho. Zile herufi ndogo zinazowekwa chini kabisa ya karatasi ili mtu asizisome, Sauda huanza na hizo. Aliwahi kurudisha pakiti ya biskuti dukani kwa sababu nje imeandikwa ishirini na ndani zimo kumi na tisa.

Wa pili, Mahadhi, alijaliwa mkono. Ni fundi bomba na fundi umeme, na akikosa kazi hutengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Kitindamimba, Raya, mwalimu huko Singida, alijaliwa ulimi. Si ulimi wa kelele. Huo ninao mimi na haujanisaidia kitu. Raya husema kidogo, kisha hunyamaza akakusikiliza, na wewe unajikuta umekubali jambo ulilokwisha kulikataa mara tatu. Angetaka, angemshawishi paka aoge.

Baba yao, Mzee Makame, alikuwa fundi wa reli. Siku zote za kazi alivaa ovaroli lililolowa grisi. Ijumaa alivaa kanzu. Alikuwa nayo moja tu, nyeupe, yenye darizi ya rangi ya maziwa shingoni. Alifariki miaka mitatu kabla ya kisa hiki. Eda ilipokwisha nguo zake ziligawiwa kama ilivyo ada, lakini kanzu ile haikutoka nje ya mlango. Bi Mwanakombo aliizuia.

Na kila Alhamisi aliifua.

Narudia, kwa ajili ya yule aliyeegemea ukuta: hakuna aliyeivaa. Aliifua Alhamisi iliyopita, na leo anaifua tena. Kwa mkono, kwa sabuni ya mche, polepole. Akaianika, akaipiga pasi, akaifukiza udi, akaitundika nyuma ya mlango wa chumba ili Ijumaa asubuhi mwenyewe aikute. Ijumaa ilifika. Mwenyewe hakufika. Jumamosi kanzu ilirudi sandukuni, na Alhamisi ikatoka tena.

Jirani mmoja aliwahi kumuuliza, "Bi Mwanakombo, nguo safi waifulia nini?"

"Nawe wajuaje kama ni safi? Umeivaa?"

Jirani akakumbuka ameacha sufuria jikoni.

Basi vidole vya Bi Mwanakombo vikaanza kukaza. Baridi yabisi. Daktari akamwambia asikamue nguo. Yaliyomshinda kwanza ni mashuka, zikafuata khanga, na Alhamisi moja ikashindikana kanzu. Alijaribu kuisokota, vidole vikagoma. Akaitundika vile vile kwenye kamba ikichuruzika. Kulikuwa na mawingu siku ile, na Ijumaa adhuhuri Mahadhi alipopita kumjulia hali alimkuta mama yake amekaa kwenye kigoda chini ya kamba, maji yanamdondokea begani, naye hasogei.

"Shikamoo mama. Unalowa."

"Marahaba. Najua."

"Sogea basi."

"Bado mbichi, Mahadhi. Saa hizi angekuwa anaenda msikitini. Angevaa nini?"

Mahadhi alimsogeza pamoja na kigoda chake. Alimpigia simu Sauda, Sauda akampigia Raya, na kabla ya alasiri ndugu watatu walikuwa wamekubaliana kwamba mama anunuliwe mashine ya kufulia. Walichanga sawasawa wote watatu, kwa hiyo hilo la fedha litoeni kabisa vichwani mwenu. Halitawasaidia.

Kununua akatumwa Sauda.

Dukani muuzaji alimpokea kwa tabasamu la bwana harusi. Akamwonyesha mashine ya bei ya chini. "Hii dada ndiyo wanayoibeba wengi."

Sauda aliinama nyuma ya mashine, akasoma herufi ndogo. "Kwa mfuo mmoja inakunywa maji ya mtaa mzima. Nyingine."

Muuzaji akampeleka kwenye ile kubwa, nyeusi, ya bei ya kukaa chini kwanza. "Hii sasa unaongea nayo kwa simu."

"Niiambie nini?"

Swali hilo muuzaji hakuwahi kuulizwa. Sauda akasoma tena. Mashine ile huchemsha maji kila ifuapo, na kuchemsha ndiko kunakomaliza umeme. Hapo ndipo alipomwona mama yake kama yuko mbele yake. Bi Mwanakombo hununua yuniti kidogo kidogo, na taa ya uani huizima hata mgeni akiwa bado anatafuta viatu. Mashine ikila yuniti, ataizima na kurudi kwenye beseni, na vidole vitakwisha.

Alikaa dukani kwa muda wa saa tatu. Muuzaji alikula, akarudi. Mwishowe Sauda alisimama mbele ya mashine moja kwenye kona, ya bei ya kati: kilo saba, mlango wa kioo upande wa mbele, hufua kwa maji baridi, na karatasi yake ya matumizi ya umeme ina nyota karibu zote.

"Hiyo ni ya kawaida tu dada," muuzaji akasema.

"Hata sisi ni wa kawaida. Ifunge."

Mashine ikafika barabara ya kumi na nne, ikawekwa chumba cha nje uani, na hapo ikaingia zamu ya Mahadhi.

Maji ya mtaa ule huja siku mbili kwa wiki, na yakija hutoka bombani kama mtu anayetoa siri. Mashine ilipounganishwa ilifungua valvu zake, ikasubiri, ikawasha taa nyekundu, ikanyamaza. Sauda na jicho lake walikuwa wamechagua vizuri, lakini walichokuwa nacho uani ni kabati lenye dirisha.

Mahadhi aliomba ruhusa kazini. Akachomelea mnara wa vyuma, akapandisha tangi juu yake, akashusha bomba mpaka chumba cha nje. Akavuta waya mpya na kufukia waya wa ardhini, asije mama akapigwa shoti kwa mikono yenye maji. Akatia ovaroli lake mwenyewe ndani, akawasha. Ikafua vizuri. Ilipoanza kukamua ikatoka konani na kuelekea mlangoni, kama mgeni aliyekumbuka ameacha mtoto nyumbani.

Mahadhi aliikumbatia mpaka ikatulia. Kisha akavunja sakafu, akamwaga zege jipya, akalipima kwa pima maji mara nne. Siku ya nane aliweka kikombe cha chai juu ya mashine ikiwa inakamua, na chai haikumwagika.

"Mama, njoo uone."

Bi Mwanakombo alikuja, akaona. Akaingia ndani, akatoka na khanga, akaitandika juu ya mashine. Juu ya khanga akaweka sinia, chupa ya chai na vikombe sita.

"Ahsanteni wanangu. Meza nzuri sana."

Wiki tatu mashine ile ilikuwa meza. Sauda alimweleza mama yake habari za yuniti. Bi Mwanakombo akamsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai. Mahadhi alimfulia mashuka mbele ya macho yake. Mama akayasifu mashuka, akarudisha sinia mahali pake. Alhamisi ikifika hutoa beseni, na vidole vinazidi kuvimba.

Shule zikafungwa, Raya akaja kutoka Singida. Siku ya kwanza hakusema lolote kuhusu mashine. Alikunywa chai juu yake. Alhamisi alivuta kigoda karibu na beseni, akashika pindo moja la kanzu, mama akashika la pili, wakasokota pamoja. Raya hakuuliza kitu. Mama ndiye aliyeanza.

"Mnadhani naogopa umeme."

Raya akaendelea kusokota.

"Humo ndani itazunguka peke yake, kama nguo ya mtu yeyote. Mimi nikiifua namsimulia. Namwambia nani kaoa, nani kahamia, embe zimeanza. Wiki nzima namwekea habari. Hiyo mashine itamsimulia nini?"

Raya akamwaga maji, akatia mengine ya suuza ya pili. Kisha akasema, "Mama, ina kioo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo si lazima umwache peke yake. Tukae mbele yake, umsimulie. Mikono ipumzike, mdomo ufanye kazi."

Bi Mwanakombo aliitazama mashine, na chupa ya chai juu yake. "Ondoa sinia," akasema.

Alhamisi iliyofuata watoto wote watatu walikuwapo. Vigoda vinne vilipangwa mbele ya kioo. Bi Mwanakombo aliingiza kanzu kwa mikono yake mwenyewe, ikiwa peke yake. Sauda akafumbua kinywa, kwa kuwa nguo moja ndani ya mashine ya kilo saba ni dhambi kubwa kwa mtu kama yeye. Mahadhi akamkanyaga mguu. Sauda akafumba.

Maji yakashuka kutoka mnarani. Kanzu ikaanza kuzunguka, na Bi Mwanakombo akaanza. Akamwambia mumewe kwamba binti wa jirani kaposwa, kwamba mwembe wa nyuma umekatwa, kwamba Raya kakonda. Akamwambia Mahadhi kajenga mnara uani, na kwamba hivi sasa treni hupiga honi kwa mbali tu, sijui upepo umegeuka au masikio yamezeeka. Watoto walisikia mambo ambayo hawakuwahi kusimuliwa wao.

Mashine ikapunguza mwendo ili isuuze. Mkono wa kanzu ukaelea juu, ukafika kwenye kioo, ukajikunjua wote, ukakaa hapo kidogo. Ukashuka. Ukapanda tena.

Bi Mwanakombo akanyamaza katikati ya neno.

"Mmeona?"

"Tumeona," Raya akasema.

"Amenipungia."

Hakuna aliyebisha. Hata mimi, ambaye kazi yangu ni kubisha, nisingebisha.

"Na mtu akikupungia," mama akasema, "ndiyo anaondoka. Mtu wa reli yule. Miaka mitatu nimemshikilia mlangoni, treni inamngoja." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Sitaitundika tena. Itakwenda kwa mmoja wenu. Yule aliyenikalisha hapa mbele ya kioo, nikaagwa na mume wangu, ndiye aichukue."

Watoto wakatazamana.

Sauda akasema kwanza. "Mama, kioo nimekichagua mimi. Ningeleta ile ya bei ya chini, mfuniko uko juu, ungeona plastiki. Ningeleta ile kubwa, ungeizima siku ya pili." Kisha sauti ikapungua. "Baba aliivaa siku aliyoniozesha. Nilikuwa nimekaa ndani, nikachungulia pazia, nikaiona kanzu tu, uso umezibwa na watu. Mpaka leo nikimkumbuka naiona hiyo."

Mahadhi akasema, "Kioo bila maji usingeona kitu. Na isingetulia, kanzu ingerushwa huku na huku, isingempungia mtu." Akatazama mikono yake. "Aliniambia, ukijaza mabega nitakuvisha uende nayo Idi. Mabega yamejaa, mama. Hayupo wa kunivisha."

Raya akasema mwisho. "Mimi sikununua wala sikujenga. Ila kioo kilikuwapo na maji yalikuwapo, na juu yake palikuwa na sinia." Akagusa kioo kwa kidole. "Wao walimuaga. Mimi niliteremka kwenye basi kutoka Singida nikakuta udongo umeshamwagiwa maji. Sikumuaga."

Najua yupo hapa mwerevu aliyekwisha kupata njia ya mkato. Hata Mahadhi aliijaribu. "Mama, si tuizungushe? Kila mmoja akae nayo mwaka."

"Niwe nimemtoa mlango mmoja nikamtundike mitatu? Nimeshamtesa kutosha."

Sauda akajaribu nyingine. "Mwanamume ni mmoja hapa. Labda yeye, kwa kuwa ataivaa."

"Sikusema avae. Nimesema aichukue."

Na ya kuikata vipande vitatu msinitajie, mtapata vitambaa vitatu vya kushikia sufuria.

Mashine ikalia mara tatu kuonyesha imemaliza. Bi Mwanakombo akaufungua mlango bila kuumia vidole. Akaitoa kanzu, imekamuliwa vizuri kiasi kwamba haikudondosha hata tone moja sakafuni, akaishika wazi kama alivyokuwa akimshikia mumewe Ijumaa asubuhi, ili aingize mkono mmoja, kisha wa pili. Akawageukia watoto wake, mmoja mwenye jicho, mmoja mwenye mkono, mmoja mwenye ulimi, wote wamesimama, na wote wamekuwa wadogo ghafla.

Hapo ndipo kisa kilipokwama, na mimi nimekwama nacho. Mama amenyoosha kanzu mbele, hajui amkabidhi nani, na mkono wake tusiuache ungoje mpaka uchoke tena.

Je, wewe uliyekaa hapo, ungekuwa Bi Mwanakombo, ungemkabidhi nani?