Mwiko wa Sultani Ghalibu

Alikuwako Sultani katika mji wa Kimbaji, jina lake Ghalibu bin Nadhiri, mwenye majumba ya mawe na mazulia ya Ajemi, na vyungu vya jikoni mwake havikushuka mekoni, vikipikwa biriani na haluwa kwa wageni wengi kuliko waliofika. Na kilichobaki kilimwagwa shimoni, kwani marehemu baba yake alikuwa ameamuru, "Kibakicho kwangu ni mwiko," na kulilinda neno hilo akamfunga jini kwa pete, akamweka langoni asimpishe mtu na tonge. Ajabu ya walimwengu! Shimo lilishiba na mji ukalala njaa.

Mwaka mmoja mvua ilikata na sokoni hapakuwa na punje. Jikoni mwa Sultani alikuwamo mpishi mjane, Mwanatumu, aliyekula humo akashiba, na kila tonge lilimkwama kooni, kwa kuwa mwanawe wa pekee, Zaituni, alikuwa nyumbani akifa njaa. Alipojaribu kuficha mkate kifuani, jini aliunusa, akaunyakua, akautupa shimoni mbele ya macho yake.

Siku Zaituni aliposhindwa kuinua kichwa, Mwanatumu alijaza sufuria ya wali uliobaki, akamwendea jini.

"Ewe jini, umeamriwa kulinda nini?"

"Mwiko," akanguruma jini. "Mwiko wa Sultani usitoke."

Sasa jini huyo alitoka Milima ya Kafu, na lugha ya mji aliijua kwa kuokoteza tu. Mwanatumu akamtia mkononi mwiko wa kupakulia.

"Mwiko ndio huu. Ushike, hautatoka."

Jini akaugeuza huku na huku, akasikitika. "Miaka yote nimelinda kijiti cha kukorogea?"

"Hicho hicho, baba."

"Basi pita."

Mwanatumu akakimbia nyumbani na sufuria kichwani, akamkuta jirani yake, Bi Rehani, ameketi kizingitini, amejifunika kanga usoni. Zaituni alikuwa amekwisha kufariki, na wali ulikuwa ungali moto.

Ada ya Kimbaji ni kwamba mfiwa hapiki, majirani humletea chakula. Majirani wakaja mikono mitupu, wakasimama uani kwa haya. Mwanatumu akawapakulia yeye mfiwa.

"Kuleni," akasema. "Mwenyewe hakuuwahi."

Wakala huku wakilia, na nani angewalaumu?

Habari zikafika jumbani, askari wakampeleka Mwanatumu barazani, na Sultani akanena, "Ewe mwanamke, umevunja amri ya marehemu baba yangu. Una neno kabla ya upanga?"

"Bwana wangu, mwenye enzi na fahari, wali ule ulikuwa wa shimo. Nimeliibia shimo, sikukuibia wewe. Ukiniua utakuwa umetupa mpishi, nawe kutupa umezoea."

Sultani akainamisha kilemba, akalia mbele ya mawaziri. Akaamuru shimo lifukiwe na ghala lake lifunguliwe, na kila kilichobaki jumbani kipelekwe huko kingali kizuri, na wafanyabiashara walete mboga na matunda yasiyoweza kulala, na mwenye njaa achukue bila kuulizwa kabila wala ukoo. Jini akabebeshwa vikapu vya mitaa ya mbali. Mwanatumu akawekwa msimamizi wa ghala, akaozwa waziri, akavikwa dhahabu, na hakuna aliyemwona akicheka.

Masika yakarudi, na tangu ghala lifunguliwe mji haukuzika tena mtoto kwa njaa. Bi Rehani akaja na kikapu chake, akasema, "Mwanangu, Mola akulipe. Umetuokoa sote."

Mwanatumu akamjazia kikapu mpaka juu.

"Si sote, bibi," akasema, na hapo machozi yakamshinda.

Basi mliobakiza, gaweni mapema, maana chakula kikikawia hugeuka cha matanga. Hekaya yangu imekoma hapa, nami sina faraja ya kuwaongezea.