Chumvi ya Bi Saumu

Hapo zamani, enzi ambazo harusi bila pilau ilihesabika kuwa kikao tu, Pangani alikuwepo mama mmoja mwenye mgahawa, Bi Saumu. Kupika alijua, kuongoza watu, hata kidogo. Amri zake alizirusha hewani, hazina jina la mtu. "Kuni!" Akatoweka. "Maji!" Akatoweka.

Wafanyakazi wake walikuwa watatu: Mzee Kombo mpishi, Hidaya mtwanga viungo, na Shomari mwosha masufuria.

Ijumaa moja akapaza sauti, "Chumvi!" Kila mmoja akadhani anaambiwa mwenzake. Wateja wakala pilau chapwa.

Bi Saumu akafoka, "Nikisema chumvi, kila mtu anahusika!"

Shomari akafungua mdomo kuuliza. "Wewe kazi yako masufuria!" akakatizwa.

Hidaya hakuisahau siku ile. Basi kwenye harusi ya binti wa Mzee Ngwali, aliposikia "Chumvi!", akatia konzi nzima. Hakujua Mzee Kombo ameshatia. Shomari aliwaona wote wawili. Akataka kusema, akakumbuka alivyokatizwa. Naye akatia. Amri ni amri.

Bi Saumu akaonja, macho yakamtoka. "Nani kaharibu?"

"Si mimi," akasema Mzee Kombo.

"Si mimi," akasema Shomari.

Hidaya aliona kibarua kinaota nyasi. Safari hii hakungoja amri. Akabandika wali mweupe, ukaiva, akauchanganya na pilau. Wageni wakala wakajilamba vidole. Mzee Ngwali akaleta paja zima la mbuzi wa kuchoma. "Mpeni aliyepika!"

Hapo "si mimi" zikageuka "ni mimi".

"Mgahawa wangu, jina langu," akasema Bi Saumu. "Paja langu."

"Bi mkubwa, pilau nimepika mimi, toka kitunguu hadi mkaa wa juu," akasema Mzee Kombo.

"Na nani kaiokoa?" Hidaya akadakia. "Ninyi mlikuwa mnatupiana lawama, mimi napuliza moto!"

Shomari akakohoa. "Mimi ndiye niliyezidisha. Ingebaki chumvi yenu wawili, mngesema imekolea kidogo tu, mkaipakua hivyo hivyo, na leo tungezomewa."

Wakavutana, huyu kashika mfupa, yule kashika nyama, mafuta yanawachuruzika viwikoni.

Haya, ninyi mnaomeza mate hapo, semeni: paja lile, nani alistahili?