Dainamo ya Mzee Masunga

Kahama nzima ilimjua Mzee Masunga, tajiri wa pamba aliyelikwaruza jina lake kwenye baiskeli yake kwa msumari, kipuri kwa kipuri, kwa kuogopa wezi. Siku dainamo ya taa ilipogoma, akaikokota baiskeli hadi kwa fundi Kabula.

"Mpya ni elfu arobaini, Mzee wangu," alisema Kabula. "Lakini hii ni uchafu tu. Nikusafishie kwa elfu mbili."

"Wizi mtupu!" Masunga akamsogezea simu hadi puani. "Mtandaoni mpya ni nusu ya bei yako! Nitaliambia soko zima likuhame. Ing'oe hiyo takataka, uitupe."

"Niitupe kweli?"

"Tupa! Ukiitaka, chukua wewe."

Kesho yake simu ikamletea Masunga tangazo la duka geni: dainamo, elfu kumi na tano tu. Akalipa mbiombio, asije akawahiwa.

Wiki haikuisha, akaingia kwa Kabula na boksi, kifua mbele. "Funga, uone aibu!"

Kabula akafunga, akazungusha gurudumu. Taa ikawaka waa! Masunga akainama kuikagua dainamo yake, akapiga ukelele wa furaha.

"Njoo uone! Hata jina langu wameniandikia, tena bure! Wewe ungeniandikia?"

"Mimi? Thubutu, Mzee wangu."

Palepale Masunga akampa muuzaji wake nyota tano. Simu ikalia mfukoni mwa Kabula.