Mashati kwenye Waya

Ua ulikuwa mmoja, milango ilikuwa mingi, na midomo ilikuwa mingi kuliko milango. Kila nyumba ilikuwa na waya wake wa kuanikia nguo, lakini mvua haikuwa na mwenyewe. Ikianza kudondoka, aliyekuwepo aliwaanulia wote. Hakuna aliyewafundisha watu jambo hilo; walilikuta kama walivyolikuta jua.

Mlango wa mwisho alikaa fundi redio, mtu mwembamba kama antena, mpenda nguo kumshinda bibi harusi. Siku moja suruali yake ya kijivu, ile ya kutokea, ilitoweka wayani. Baada ya muda shati nalo likatoweka, pengine lilikwenda kuitafuta suruali. Fundi alivimba kama chura.

"Baba, nguo tu hizo," mkewe alimpoza. "Wala mguu haukuwemo."

"Juzi suruali, leo shati. Kesho nitoke na taulo?"

Askari polisi mmoja alipoleta redio yake kwenye kibanda cha fundi, fundi alimzungukia kama paka azungukavyo maziwa. "Afande, mtu akimtegea mwizi umeme, mwizi akanasa, sheria inasemaje?"

"Huyo mwizi amekushikia panga?"

"Hapana. Ameshika shati."

"Basi shati si roho. Ukivamiwa, jitetee. Ukiibiwa, piga kelele, mkamate, mlete kituoni. Ukimuua kwa mtego, hata awe mwizi wa kweli, mimi nitakuja kukuchukua wewe."

Fundi akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka. "Wezi wamepata wakili!"

Maneno yale yaliingia sikio hili yakatokea lile. Kesho yake asubuhi alitundika mashati yake mazuri wayani kuwa chambo, kisha akauunganisha waya na umeme wa ndani.

"Usiuguse," alimwonya mkewe.

"Na majirani je?"

"Ukimwambia jirani, umemwambia mwizi. Humu hujui nani ni nani."

Mke alichukua kikapu akaenda sokoni. Fundi naye akaenda kibandani, nyuma tu ya ukuta wa ua, akategesha masikio.

Alasiri wingu zito likatanda. Matone ya kwanza yalipopiga mabati, mshona nguo wa mlango wa pili, ambaye kila mtu alimwita Mama Pacha, aliiacha cherehani yake. Alianua nguo zake, akaanua za mwalimu, kisha akabeba beseni tupu kuelekea mwisho wa ua.

"Fundi wee!" alipaza sauti. "Mashati yako yanataka kuoga tena! Nikikuanulia, na wewe unitengenezee pasi yangu!"

Fundi aliisikia sauti hiyo kule kibandani. Alitaka kusema "umeme", neno alilolitaja kutwa nzima kila siku ya maisha yake, haraka ikalimeza. Kilichotoka kilikuwa kifupi.

"Acha! Mama Pacha, acha!"

Mama Pacha alicheka. Katika ua ule, mtu akifanyiwa wema husema "acha", na mtenda wema huendelea.

"Niache yalowe? Acha wewe! Jirani ni wa nini?"

Beseni lilianguka kwa kishindo. Baada ya hapo ilisikika mvua tu.

Fundi alikimbia ndani kwake akazima umeme. Alipotoka, Mama Pacha alikuwa chali kwenye maji, macho wazi, matone yakiingia machoni na yeye hapepesi. Majirani waliotoka mbio walimsugua, wakamwita, wakamkandamiza kifua. Wapi! Roho ilikwishakwenda zake.

"Nilimtegea mwizi!" fundi alilia akimgeukia huyu na yule. "Jamani, si yeye! Nilimtegea mwizi!"

Watu walewale ambao mtu akijikwaa tu humpa pole kutoka kila dirisha, walimtazama kama jiwe lililoota meno. Mkewe, aliyerudi na kikapu chake, alikaa chini topeni.

"Nilijua," alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua, nikanyamaza."

Askari alikuja, yuleyule mwenye redio. "Hata angekuwa mwizi, pingu zingekuwa hizihizi," alisema akizifunga.

Mume wa Mama Pacha, aliyekuwa kazini akipaka rangi, alifika mbio na brashi ingali mkononi. Alimfunika mkewe kwa kanga, akanyanyuka polepole. Watu walijiandaa kumshika asije akampiga fundi. Hakumpiga. Aliyatazama mashati yaliyokuwa yakichuruzika wayani.

"Nguo zako zinalowa, fundi," alisema. "Sasa nani atakuanulia?"

Fundi alipelekwa akipita mlango hadi mlango, akisubiri japo mtu mmoja amwambie neno. Hakuambiwa, wala hakustahili: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.